Spea ya mashine ya kukata majani haitengenezwi tena: fanya hivi kabla hujaitupa mashine

Mvua zikikolea hapa Mbeya, majani yanakua kuliko fyekeo linavyoweza kuyamudu, na ndipo mashine zinatolewa stoo. Nyingi ninazoletewa ni za shule, misheni na wastaafu wenye viwanja vikubwa, kuanzia Tukuyu mpaka Iringa. Ni za mtumba, zina miaka 20 au 30. Mwenyewe anafika akiwa ameshapewa jibu dukani: "Spea zake hakuna, nunua nyingine." Jibu hilo silipokei haraka. Mara nyingi aliyelitoa ametafuta kwa jina la mashine, wakati spea hutafutwa kwa namba na kwa vipimo.

Hatua ya 1: Soma namba ya injini

Jina na rangi kwenye deki, yaani bati kubwa linalofunika kisu, ni vya aliyeiunganisha mashine. Injini mara nyingi imetoka kiwanda kingine. Kwenye Briggs & Stratton za zamani, injini ndogo za Kimarekani, namba zimegongwa kwenye bati la feni, kwa kawaida upande wa plagi. Safisha kwa petroli, acha pakauke kabisa, kisha lalisha chaki nyeupe usugue na ufute kwa kiganja. Chaki itabaki kwenye mabonde ya tarakimu na namba itajitokeza.

Utaona mafungu matatu: modeli, aina na kodi (namba inayobeba tarehe ya kutengenezwa). Modeli 92902, kwa mfano, ile 9 ya mwanzo ni ukubwa wa injini kwa inchi za ujazo, kama cc 148. Kodi ikianza na 950615, injini ilitengenezwa tarehe 15 mwezi wa 6, 1995. Andika mafungu yote matatu. Injini mbili za modeli moja zinaweza kutofautiana kabureta kwa sababu ya aina au mwaka tu.

Hatua ya 2: Hakikisha kama namba imekufa au imebadilishwa

Viwanda hubadilisha namba za spea mara kwa mara. Itafute ile ya zamani kwenye intaneti. Mara nyingi utakuta imerithiwa na namba mpya, na kifaa ni kilekile. Muuzaji mpe zote mbili. Hata Tecumseh ya Marekani, iliyoacha kutengeneza injini ndogo mwaka 2008, kabureta na diaframu zake bado zinatolewa na watengenezaji wengine. Ukipata wa kukuagizia Dar, mzigo utapanda basi.

Hatua ya 3: Pima

Beringi haina kabila. Ile 6205 iliyomo kwenye injini ya Honda GX160 ni milimita 25 ndani, 52 nje na 15 unene, na duka lolote la beringi linaijua. Sili ya oili nayo ina vipimo vitatu hivyohivyo. Ila usipime mdomo wa sili iliyochakaa, maana umeshatanuka. Pima shafti yenyewe pale sili inapokaa. Injini za Kimarekani zinakwenda kwa inchi: shafti ya inchi 7/8 ni milimita 22.2. Hapo dai sili ya inchi, usikubali kuambiwa "hii inakaribiana".

Plagi iangalie urefu wa nyuzi. Briggs za zamani zenye valvu za pembeni hutumia plagi fupi, nyuzi za milimita 9.5 tu. Ukifunga ndefu, ncha yake inaingia ndani ya chumba cha moto na inaweza kugongwa.

Hatua ya 4: Gasketi kata mwenyewe

Nunua karatasi ya gasketi yenye unene sawa na ya zamani. Iweke juu ya kifaa, paka kidole oili chafu kidogo, kisha pitisha kidole ukikandamiza kwenye kingo. Mstari utajichora wenyewe. Usigonge kwa nyundo kama tunavyofanya kwenye chuma, kwa sababu aluminiamu inaumia kingo na hapo patavuja. Toboa matundu ya bolti kwanza, pitisha bolti mbili zishike karatasi, ndipo ukate kwa wembe.

Gasketi ya kifuniko cha krenki (shafti kuu ya injini) isizidi wala kupungua unene, kwa kuwa ndiyo inayopanga mchezo wa krenki, yaani nafasi ndogo ya kusogea kwa urefu wake. Gasketi ya silinda hedi usiikate kwenye karatasi hii, haitastahimili moto. Na silikoni usiipake kwenye kabureta, petroli huila.

Hatua ya 5: Azima kwenye pampu ya maji

Pampu za umwagiliaji zenye injini za mtindo wa GX160 zimejaa, na spea zake ni rahisi. Injini nzima huwezi kuhamisha, maana shafti ya pampu imelala na ya mashine ya majani imesimama. Lakini mpira wa mafuta, chujio, koki na kamba ya kuwashia vinaazimika vizuri.

Kabureta ukiiazima, kumbuka tulipo. Mbeya ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Honda wenyewe wanaelekeza kabureta irekebishwe kwa injini inayofanya kazi daima juu ya mita 1,500. Hewa ni nyepesi, mafuta yanazidi, plagi inakuwa nyeusi kama sufuria ya kuni. Tafuta jeti (kitundu kinachopitisha petroli ndani ya kabureta) ndogo zaidi kabla ya kulaumu koili.

Hatua ya 6: Visivyobuniwa

Kii ya flaiwili (kipande kidogo kinachoshikilia gurudumu zito la injini kwenye krenki), kisu na konrodi (mkono wa pistoni) havichongwi mtaani. Kii ya Briggs ni ya metali laini kwa makusudi: kisu kikigonga kitu kigumu, ikatike yenyewe.

Niliwahi kuletewa mashine ya shule ambayo kii yake ilichongwa kutoka kwenye msumari. Kisu kiligonga jiwe, msumari ukagoma kukatika, flaiwili ikapata ufa na mfereji wa krenki ukachanika. Kifaa kidogo kuliko kucha kiliwagharimu injini. Ilibidi nitafute mzoga wa modeli ileile, nikaupata kwa muuza vyuma chakavu, nikatoa krenki na flaiwili zikiwa nzima. Kii mpya ya kiwandani niliagiza mbili, na ya pili nimeifunga kwa waya chini ya mpini wa mashine, ndani ya kipande cha mpira.