Somo: Programu ya Windows umeifunga, Wine bado inakimbia chinichini

Wakuu, swali hili nimelijibu faraghani mpaka nimechoka. Naliandika mara moja hapa. Atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

Dalili mnazijua: dirisha umelifunga, feni bado inavuma, na ukiifungua programu upya inadai tayari iko wazi. Wine haitengenezi kompyuta ya bandia ndani ya kompyuta yako. Inatafsiri maombi ya programu ya Windows ili Linux iyaelewe, kwa hiyo kila .exe ni mchakato halisi wa Linux: unaonekana, na unauawa kama mwingine wowote.

1. Subiri sekunde kumi. Mara nyingi mabaki hutoka yenyewe.

2. Angalia kilichobaki: `ps aux | grep -iE 'wine|\.exe'`. Ukiona services.exe, winedevice.exe, plugplay.exe au explorer.exe, usishtuke, si virusi. Ni watumishi wa Wine. Tafuta jina la programu yako. Hiyo ndiyo inayowazuia wasiondoke.

3. Anza kwa upole: `WINEPREFIX=$HOME/.wine-duka wineboot -e`. Programu inaambiwa Windows inafungwa, ihifadhi kazi itoke. Badala ya .wine-duka weka folda yako ya Wine; kama hukuchagua nyingine, ni .wine.

4. Ikigoma, zima wineserver, mchakato mkuu wa Wine unaohudumia programu zote za folda hiyo: `WINEPREFIX=$HOME/.wine-duka wineserver -k`

Hapa ndipo nilipoumia. Nilikuwa na prefiksi mbili, yaani folda mbili ambazo kila moja ina diski yake ya C: moja ya hesabu za duka, nyingine ya majaribio. Ya majaribio ikaganda, nikaandika `pkill -9 wineserver`. Amri hiyo haijui prefiksi. Ikaua zote mbili, na ankara niliyokuwa naiandika ikapotea. Isitoshe, wineserver hushika rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows) kwenye memori na kuiandika kwenye system.reg na user.reg kwa vipindi. Ukiipiga kwa 9, ishara ya kuua papo hapo, haipati nafasi ya kuandika. Mipangilio ya printa niliyoiweka muda mfupi kabla haikuwepo tena. `wineserver -k` huomba kwanza, na hutumia nguvu ikikataliwa tu. Ila ONYO: ukisahau WINEPREFIX, itazima ile ya kawaida, ~/.wine, hata kama tatizo liko kwingine. Andika njia kamili kila mara.

5. Hakikisha: `WINEPREFIX=$HOME/.wine-duka wineserver -w`. Haikurudishii terminali mpaka wineserver iwe imetoka.

Swali: Mkuu ni ndefu sana, nipe amri moja ya kuua kila kitu.
Jibu: Hatua ya 4. Soma aya iliyo chini yake kabla hujabonyeza Enter.

Swali: Nimeweka sudo mbele, haisemi kitu na programu bado ipo. Amri yako haifanyi kazi.
Jibu: Sudo, yaani kuendesha amri kama root (msimamizi wa mfumo), sikuiandika popote. Ukiiweka, inatafutwa wineserver ya root, si yako. Iondoe. Na Wine usiiendeshe kwa sudo kabisa.

Swali: Samahani kaka, baada ya kusasisha Wine napata "version mismatch". Inahusiana na hili?
Jibu: Inahusiana sana, na umeuliza vizuri. Kwenye diski una toleo jipya, lakini wineserver ya zamani bado iko hai kwenye memori, na hizo mbili hazielewani. Fanya hatua ya 4 kisha ya 5, halafu fungua upya. Kama unatumia Lutris (programu ya kuendesha michezo), kumbuka inaweza kuwa na Wine yake mbali na ya mfumo. Michezo ya Steam inayotumia Proton (Wine ya Steam), kila mmoja una prefiksi yake: steamapps/compatdata, kisha namba ya mchezo, kisha pfx.

Swali: Nina mchakato mmoja haufi hata kwa kill -9. Kwa nini?
Jibu: Tazama safu ya STAT kwenye ps. Z maana yake umeshakufa, unasubiri mzazi wake (mchakato uliouanzisha) auondoe kwenye orodha, hauli memori. D unasubiri diski au mtandao, na haupokei ishara mpaka jibu lije. Uliendesha programu kutoka kwenye flashi au folda ya mtandao?

Swali: Folda ya mtandao, na ruta ilizimika!
Jibu: Ndiyo hiyo. Washa ruta, usubiri kidogo. Isipokubali, washa kompyuta upya.

Swali: Ahsante. Nakala ya prefiksi nichukue lini?
Jibu: Baada ya hatua ya 5, rejista ikishaandikwa yote: `cp -a ~/.wine-duka ~/.wine-duka-akiba`. Mimi hufanya hivyo kabla ya kila sasisho.