Karakana iko South B, wewe uko Coventry: tovuti ya biashara na macho ya mteja wa Nairobi

Kwa karibu mwaka mzima nilikuwa nikimaliza zamu ya usiku hapa Coventry, Uingereza, napanda basi, natoa simu na kuandika jina la karakana yetu kwenye Google. Linatokea la kwanza. Nafurahi, nafika nyumbani, nalala. Mdogo wangu, ambaye ndiye anayeshika bisibisi kule South B, akinipigia ananiambia wateja wapya hawazidi watatu kwa wiki. Nikaamini anazembea. Tulikorofishana hadi mama akaingilia kati.

Kosa lilikuwa langu. Jina la karakana yetu tunalijua sisi wa nyumbani na wateja wa zamani. Mtu wa Nairobi West ambaye friji yake imekata baridi Ijumaa usiku, na ndani mna kilo mbili za nyama, hana habari nalo. Anaandika shida yake: friji haileti baridi, fundi wa friji South B, friji inavuja maji chini. Kwa maneno hayo hatukuonekana kabisa.

Hiyo inayoitwa SEO, ukiivua majoho yake, ni kazi ya kuifanya Google ielewe unafanya nini na unafanyia wapi, kisha ikuamini kiasi cha kukuonyesha kwa mtu huyo wa Ijumaa usiku. Kwetu tulio nje kuna ugumu wa ziada: tunaitazama biashara kutoka mahali ambapo mteja hayupo.

Kwa hiyo anza kwa kurekebisha macho yako. Google hupanga majibu kwa kuzingatia pia mtafutaji yuko wapi. Ingia kwenye mipangilio ya utafutaji, upande wa lugha na eneo, uchague Kenya, na utafute ukiwa kwenye dirisha la faragha. Hilo litakusogeza karibu, lakini halitakufikisha South B, kwa sababu kazi kama ya ufundi hutegemea sana umbali kati ya mteja na karakana. Dawa ni watu. Mimi nina binamu Imara Daima, shemeji South C na rafiki Kilimani. Mara moja kwa mwezi nawapa maneno matatu wayatafute, wanitumie picha za skrini. Gharama yake ni bando kidogo na salamu ndefu.

Kabla ya yote hayo, hakikisha Google inajua kwamba upo. Ina roboti iitwayo Googlebot inayofuata viungo kutoka ukurasa hadi ukurasa, inasoma, kisha inaweka ilichokisoma kwenye faharasa kubwa. Mtu akitafuta, majibu hutolewa kwenye faharasa hiyo. Andika site: na jina la tovuti yako bila kuacha nafasi, uone kurasa zipi zinatokea. Rafiki yangu anayeuza sare za shule Umoja aliandika hivyo, hakukutokea hata moja. Tovuti yake ilijengwa kwa WordPress, programu ya kujengea tovuti, na kwenye mipangilio yake kuna kisanduku kidogo kinachoziambia injini za utafutaji zisiipokee tovuti. Aliyeijenga alikitia alama wakati kazi haijakamilika, akalipwa, akaondoka bila kukitoa. Shule zilifunguliwa na kufungwa mara mbili.

Ukishajua hilo, fungua Search Console. Ni chombo cha bure cha Google kinachokuonyesha ni maneno gani yaliyowaleta watu, kurasa zipi zina hitilafu, na ukichuja kwa nchi utaona Kenya peke yake. Usajili wake uwe kwa barua pepe yako wewe mwenyewe, halafu fundi wa tovuti umpe ruhusa ya chini.

Sasa maneno. Tovuti yetu ya kwanza ilifungua kwa sentensi hii: "Tunatoa suluhisho bora na la kisasa kwa mahitaji yako yote." Mimi ndiye niliyeiandika, na nilijivunia. Sentensi hiyo inaweza kuwa ya benki, ya saluni au ya wachimba visima. Roboti haina namna ya kujua kwamba huyu ni mtu wa friji na mashine za kufua. Nilimwomba mdogo wangu anitumie jumbe za kwanza za wateja zilizoingia WhatsApp kwa mwezi mmoja. Zilikuwa mgodi. "Boss, friji inanguruma halafu inazima." "Juu inagandisha, chini hakuna baridi." "Mashine inajaza maji lakini haizunguki." Wengi waliandika kwa Kiingereza, wengine walichanganya lugha tatu kwa mstari mmoja kama mtu wa Nairobi anavyoongea. Tukaacha kubahatisha. Shida kubwa tuliiandikia ukurasa wake, kwa lugha ambayo watu huiulizia.

Na hapa ndipo nisingependa mtu aharakishe, maana watu wengi hulipia maandishi ya kujazia nafasi huku elimu yenyewe imelala karakanani. Nilimpigia mdogo wangu Jumapili, nikamwuliza: mtu akikuambia chini hakuna baridi, unaangalia nini kwanza? Alizungumza dakika kumi na tano. Raba ya mlango iliyolegea, barafu iliyoziba njia ya hewa, feni ya ndani, gesi iliyovuja, stima iliyokatika na kurudi kwa kishindo ikaunguza kompresa. Alieleza kile ambacho mwenye friji anaweza kukikagua mwenyewe kabla ya kumwita fundi, na wakati ambapo bei ya kutengeneza haina maana tena. Niliyaandika yalivyo, nikaongeza picha za kazi zake na kiwango cha bei. Huo ukurasa ndio ulioanza kuleta watu. Mwandishi wa kukodi asingeweza kuuandika, na mimi pia nisingeweza.

Kichwa cha ukurasa, kile kinachoonekana kama mstari wa rangi kwenye majibu, kilikuwa "Karibu". Tukakibadilisha kikataja kazi na mahali: fundi wa friji, South B, Nairobi. Yale maneno muhimu ambayo mafundi wengine hukutoza kwa kuyaficha ndani ya msimbo, Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haiyatumii kupanga majibu. Pia usikubali ushauri wa kutengeneza kurasa arobaini zinazofanana, kila moja na jina la mtaa wake. Google inahesabu hiyo kuwa hila, na mteja wa Karen akisoma ukurasa wa Karen ulionakiliwa kutoka wa Kayole ataona kabisa.

Kwa biashara ya mtaani, wasifu wa Google kwenye ramani unaweza kuzidi tovuti. Ni wa bure. Google yenyewe inasema majibu ya ramani hutegemea mambo matatu: biashara yako inahusianaje na kilichotafutwa, umbali wake, na inavyojulikana. Umbali huwezi kuubadilisha. Mengine mawili yako mkononi mwako.

Usumbufu ni kuthibitisha. Mara nyingi Google hutaka video moja isiyokatwa inayoonyesha mtaa, bango, vifaa vya kazi, na ushahidi kwamba unaisimamia kweli, kwa mfano ukifungua mlango kwa ufunguo. Huwezi kuirekodi ukiwa Coventry. Mpe anayeshinda dukani haki ya kusimamia wasifu kwa simu yake, arekodi mwenyewe, wewe ubaki mmiliki. Sisi tulikataliwa mara ya kwanza kwa sababu karakana haikuwa na bango. Bango lenyewe lilichorwa siku moja.

Jina liandikwe kama lilivyo kwenye bango; ukiliongezea "fundi bora wa friji Nairobi" unavunja kanuni na wasifu unaweza kusimamishwa. Namba iwe ya Kenya, inayoanza na +254. Nimeona wanadiaspora wakiweka namba zao za ng'ambo ili "wasimamie", mteja anaiona, anaogopa gharama, anaendelea na fundi anayefuata. Kipini cha ramani kikague mtu aliyesimama pale pale mlangoni, maana wa boda boda atakifuata hata kikimpeleka Mukuru. Maoni ya wateja yaombwe kazi inapokwisha, friji ikiwa inanguruma vizuri. Kuyanunua ni marufuku, na yale ya shangazi zako watano wa Marekani yatajulikana tu.

Uzito wa tovuti niupitie haraka. Google sasa husoma tovuti ikianzia sura yake ya simu, na mteja wako yumo ndani ya matatu na bando linalokaribia kuisha. Picha zitokazo kwenye simu moja kwa moja huwa na megabaiti kadhaa kila moja. Zipunguze kabla ya kuziweka. PageSpeed Insights, chombo cha Google, itakupimia kasi bure, na lengo ni sehemu kuu ya ukurasa ionekane ndani ya sekunde 2.5.

Domeni (anwani ya tovuti) ya .co.ke, ambayo husimamiwa na KeNIC na kuuzwa na wasajili mbalimbali, huiashiria Google kwamba unawalenga watu wa Kenya. Lakini isajiliwe kwa jina lako au la kampuni. Yetu ya kwanza ilisajiliwa kwa jina la aliyetujengea tovuti. Tulipotofautiana kuhusu malipo, aliondoka nayo, na kila kiungo kilichokuwa kinatuelekea kikaondoka naye. Tulianza upya.

Utapokea pia barua pepe za watu wanaoahidi ukurasa wa kwanza ndani ya wiki mbili. Google imesema wazi kwamba hakuna awezaye kukuhakikishia nafasi ya kwanza. Mara nyingi wanachokuuzia ni viungo vya kununuliwa kutoka tovuti ovyo, jambo linaloweza kukushusha. Kiungo kimoja kutoka kwa duka la vipuri linalomfahamu mdogo wako kina maana kuliko mia mbili za aina hiyo. Mabadiliko ya kweli huchukua miezi. Kwetu ilikuwa mwezi wa tano ndipo simu zilipoanza kulia kwa namna ya kueleweka.

Nilijuaje kwamba ni tovuti? Idadi ya waliotembelea ukurasa haikuniambia mengi. Wengine walikuwa wanafunzi wa ufundi kutoka nchi za mbali. Mdogo wangu alinunua daftari la shilingi hamsini, akawa anamwuliza kila anayepiga: umetupata wapi? Jumamosi hunipigia picha ukurasa wa wiki na kunitumia. Wa juzi ulikuwa na mistari kumi na minne. Sita ni za Google, tano ni za majirani, mbili zimeandikwa "bango", na mmoja amesema alikuja kumtafuta kinyozi.