Gesti yako na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya: anza na kitabu cha wageni

Fungua kitabu kilicho mapokezi. Mgeni anayesaini leo anasoma jina, namba ya kitambulisho na simu ya aliyelala jana. Hapo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inavunjwa kila siku, hata cheti cha usajili kikiwa kimetundikwa ukutani.

Hatua ya 1. Orodhesha kila mahali taarifa za wageni zinapokaa: kitabu, WhatsApp ya meneja, kamera za usalama, droo ya nakala za vitambulisho. Kando ya kila moja andika ni ya nini, nani huiona, itafutwa lini. Ukikosa jibu la "ya nini", acha kuikusanya. Kama kuandika namba kunatosha, nakala ya kitambulisho ni ya nini?

Hatua ya 2. Badala ya kitabu, tumia kadi moja kwa kila mgeni, kisha uifungie kabatini. Kadi imweleze mgeni nani anachukua taarifa zake, kwa sababu gani, zitapelekwa kwa nani na haki zake ni zipi. Idhini ya picha na ya matangazo kwa simu ziwe na visanduku vyake, vitupu. Mgeni mwenyewe aweke tiki, na akikataa bado apewe chumba. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza klabu moja ya burudani shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini.

Hatua ya 3. Jisajili kwenye Ofisi hiyo ya Kamishna. Wengi hukwama hapa: biashara yenye mauzo chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10 husamehewa usajili, lakini msamaha huo hauzihusu gesti, zahanati, shule wala usafiri. Biashara ndogo hulipa 4,000, na cheti hudumu miezi 24.

Hatua ya 4. Mteue mtu mmoja wa kupokea maombi. Mgeni akitaka kuona taarifa zake, mna siku 7. Akitaka zirekebishwe au zifutwe, siku 14.

Hatua ya 5. Simu ya meneja ikiibwa na taarifa za wageni zimo, na kuna hatari ya kweli kwao, Kamishna aarifiwe ndani ya saa 72 tangu mjue, na wageni wenyewe waandikiwe. Anayewatunzia mfumo wa buking'i ana saa 48 kuwaambia ninyi. Liandikwe kwenye mkataba.

Vitabu vya zamani vikatwekatwe au vichomwe, na tarehe iandikwe. Karatasi zake zisiende kufungia mandazi.