Simu ya Binti Yako: Anza kwa Kukaa Naye

Binti yangu, miaka 15, aliacha kula chapati za jioni. Nilidhani ni tumbo. Kumbe video za TikTok zilikuwa zimemfanya aone mashavu yake ni makubwa mno. Nikamnyang'anya simu, akaninunia wiki nzima. Usifanye nilivyofanya.

Keti naye kochini, mwombe akuonyeshe anachotazama. Usihubiri. Muulize tu: huyu anauza nini? Kisha mweleze jinsi programu inavyofanya kazi: ukikawia kwenye video moja ya kupunguza mwili, inakuletea rundo la aina hiyo hiyo. Binti yangu aliamini dunia nzima inawaza hivyo. Tukawa tunaikataa kila video ya namna ile, tukatafuta za mpira wa kikapu anaoupenda. Siku chache baadaye alikuja mbio jikoni nione mabadiliko, mikono yangu ikiwa imejaa unga.

Halafu mtafutie watu. Mama peke yake hatoshi, hata ajitahidi vipi. Shangazi yake wa Kayole humsuka kila mwisho wa mwezi, na pale kwenye kigoda, nywele zikivutwa, binti husema yale asiyoniambia mimi. Simchunguzi shangazi. Siri ikitoboka, kigoda kile hakitamfaa tena.

Akijitenga, akikosa usingizi au akitaja kujiumiza, usingoje. Piga 116, laini ya watoto, bila malipo. Naye aihifadhi namba hiyo kwenye simu ile ile.