Somo: Kuondoa Kufuli kwenye Nyimbo za iTunes Zilizonunuliwa Kabla ya Mwaka 2009

Dada yangu alinunua nyimbo zipatazo sitini kwenye iTunes, duka na programu ya muziki ya Apple, alipokuwa masomoni Uingereza mwaka 2006, na mwezi uliopita aliziweka kwenye flashi ili azisikilize garini akiwa kwenye foleni ya Barabara ya Mandela. Redio ikamwandikia kwamba flashi haina wimbo. Fedha alilipa na risiti anazo, lakini nyimbo hizo zilifungwa kwa ulinzi wa FairPlay, ambao huziruhusu kusikika kwenye kompyuta zisizozidi tano zilizoidhinishwa na mnunuzi. Apple iliacha kuuza nyimbo zenye kufuli hilo mwaka 2009, ila zilizokwisha kununuliwa zilibaki nalo. Njia ninayoieleza imo ndani ya iTunes yenyewe: unazichoma nyimbo, yaani unaziandika kwenye CD tupu, kisha unazirudisha kwenye kompyuta bila kufuli.

Hatua ya kwanza: tazama herufi za mwisho za jina la faili. Zikiwa m4p, wimbo umefungwa. Zikiwa m4a, huna haja ya kuendelea.

Hatua ya pili: idhinisha kompyuta kwa akaunti ileile iliyonunulia nyimbo, kisha zipange katika orodha isiyozidi dakika 80, maana huo ndio uwezo wa CD moja tupu.

Hatua ya tatu: choma orodha hiyo ukichagua CD ya sauti, kwa kuwa CD ya data hubeba faili pamoja na kufuli lake. Umeme wetu mnaujua, kwa hiyo hakikisheni betri imejaa. Ukikatika katikati CD imeharibika, na orodha moja ya nyimbo za aina hii huchomwa mara saba tu.

Hatua ya nne ni kuzirudisha nyimbo kwenye kompyuta, na hapa ndipo wengi hukosea. Wimbo wa wakati ule ulibanwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde, maana yake sehemu ya sauti ilikwisha kutupwa kabla hujaununua, na ukiurudisha kama MP3 ndogo unaubana mara ya pili. Nilijaribu kwa wimbo mmoja wa dada: matoazi yalisikika kama mchanga unaomwagwa juu ya bati. Kabla ya kuingiza CD, badili mipangilio uchague WAV au Apple Lossless, aina za faili zisizotupa sehemu yoyote ya sauti. Wimbo wa dakika nne uliokuwa na megabaiti 4 utafikia takriban 40 kwa WAV, lakini hutapoteza chochote zaidi. Itunze nakala hiyo, na ya garini uitengeneze kutoka humo kwa MP3 ya kilobiti 256.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Je, nyimbo ninazopakua kwa malipo ya kila mwezi nazo zitakubali?*
Marahaba. Hazitakubali, kwa sababu hizo umekodi, hukuzinunua. iTunes itakataa kuzichoma.

*Kaka, kijana wangu anajaza watu nyimbo kwenye flashi pale Kariakoo. Naweza kumpa nakala hizi?*
Hapana, ndugu yangu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda msanii, na mimi naunga mkono ulinzi huo kwa moyo wote. Somo hili ni la mwenye risiti anayetaka kusikiliza alichokilipia, si la kuuza jasho la mwingine.

*Nimemaliza, lakini nyimbo zote zinaitwa wimbo 01, wimbo 02.*
CD haikubeba majina. Ifungue orodha ya awali kando na uyaandike upya kwa mfuatano uleule.