Siku Moja Kisumu Kati ya Mabasi Mawili: Anza na Ziwa

Ukipanda basi la usiku Nairobi, utashuka Kisumu alfajiri. Ukikata tiketi ya basi la usiku la kuondoka, una mchana mzima mkononi, na mchana huo watu wengi huupanga kinyume. Asubuhi huzunguka mjini, adhuhuri huenda makavazi, kisha saa tisa au kumi ndipo hukumbuka kupanda mashua. Wanafika ufukweni upepo umeshavuma, maji yana mawimbi, wingu jeusi limetanda, na nahodha mwenye akili timamu anakataa kung'oa nanga.

Upepo wa Ghuba la Winam, mkono wa Ziwa Victoria unaogusa Kisumu, una ratiba yake. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, kwa hiyo hewa hutoka nchi kavu kwenda ziwani taratibu na maji hutulia. Jua likipanda nchi kavu hupata joto, upepo unageuka na kuvuma kutoka ziwani, na kufikia alasiri umeshapata nguvu. Hewa hiyo yenye unyevu husukumwa kuelekea milima ya Nandi, na hapo ndipo radi na mvua kubwa za jioni hutokea, hasa Machi hadi Mei. Basi ratiba nzuri ni hii: ziwa asubuhi, kivuli adhuhuri, ufuo tena jua likishuka.

Alfajiri: mizigo na mwanga

Basi likifika saa kumi usiku, usitoke kwenda kuhangaika gizani. Kaa katika ofisi ya kampuni ya basi mpaka kuche. Jua la Kisumu huchomoza kati ya saa kumi na mbili na dakika ishirini na saa moja kasoro dakika nane hivi mwaka mzima, kwa kuwa mji uko karibu kabisa na mstari wa ikweta.

Kata tiketi ya jioni hapo hapo kabla ya kuondoka, halafu uombe kuacha begi ofisini. Kampuni nyingi hukubali kumhifadhia mzigo abiria mwenye tiketi yao. Asiye na tiketi huwa ni vigumu kusaidiwa. Dai kibandiko chenye namba, na uulize ofisi hufungwa saa ngapi. Kaunta za mizigo za supamaketi zisikudanganye: ni za mteja aliye ndani ananunua, hazikusudiwi mzigo wa kutwa. Ubaki na mkoba mdogo wenye kitambulisho, simu iliyochajiwa, kofia, maji ya lita mbili na nguo nyepesi ya mikono mirefu. Chupa ya maji iwe ya chuma au ya kutumika tena, kwa sababu tangu Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi katika hifadhi za wanyama nchini, na utaingia katika hifadhi alasiri.

Kunywa chai na mandazi stejini. Usishibe sana, samaki anakungoja.

Dunga, saa moja hadi saa tano

Dunga, ufuo wa wavuvi, iko takriban kilomita tano kusini mwa katikati ya mji. Tuktuk inafaa zaidi kuliko bodaboda ukiwa na mwenzio au ukiwa na kamera. Patana bei kabla hujaketi, na useme wazi kama unakodi tuktuk nzima au unalipia kiti kimoja. Ugomvi mwingi wa nauli Kisumu huanzia hapo. Chukua namba ya simu ya dereva, kwani kupata tuktuk ya kutoka Dunga kunaweza kuchukua muda.

Ukifika mapema utakuta nyavu zilizotegwa jioni zinaletwa pwani pamoja na ngege (tilapia) na mbuta (sangara). Omena, yaani dagaa, huvuliwa usiku kwa taa, hasa siku zisizo na mwezi, na asubuhi utaona akina mama wakizianika. Kati ya tarehe 1 Aprili na 31 Julai uvuvi wa omena hufungwa ili zizaliane, kwa hiyo miezi hiyo usitarajie kuona shughuli hiyo. Ukitaka kupiga picha za watu wakiwa kazini, salimia kwanza, mwite mama au mzee, kisha omba ruhusa. Ni mahali pa kazi pale, watu wana haraka ya kuuza kabla jua halijakolea.

Jambo la kwanza la kufanya kabla ya mashua ni kuagiza chakula. Samaki mzima akipaliwa magamba, akatolewa matumbo, akakaangwa na kutiwa mchuzi, pamoja na ugali, huchukua dakika thelathini na tano hadi hamsini. Ukingoja kuagiza utakaporudi kutoka majini, utakaa njaani muda wote huo. Agiza kabla, mwambie mama mpishi utarudi baada ya saa moja unusu, na umwombe amkaange tu kwanza, mchuzi autie ukionekana unarudi. Ukifanya hivyo ngozi haitalowa na nyama haitasagika.

Kumchagua samaki ni kazi yako mwenyewe. Fungua shavu: matamvua yawe mekundu, yasiwe ya kahawia. Macho yawe maangavu na yametokeza. Bonyeza ubavu kwa kidole. Nyama ikirudi, ni wa leo, shimo likibaki, mrudishe. Macho yaliyoingia ndani na kuwa meupe, pamoja na tumbo laini, mara nyingi ni dalili ya samaki aliyegandishwa kisha akayeyushwa, na huyo hubomoka akikaangwa. Ngege wa nusu kilo anamtosha mtu mmoja, wa kilo moja wanakula wawili. Bei hufuata ukubwa, kwa hiyo kubaliana juu ya samaki uliyemshika, usikubaliane juu ya "samaki" kwa jumla.

Mpishi atamchanja mara tatu kila ubavu ili chumvi na moto vifike mfupani. Ukipenda akauke, sema akaangwe bila mchuzi. Ukitaka mchuzi, vitunguu na nyanya vinatosha, na ndivyo anavyopikwa vizuri zaidi huku. Kwa mboga agiza osuga (mnavu), au apoth ukipenda mboga ya mlenda. Ukiona mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta iliyobaki baada ya minofu kutolewa kiwandani, ni chakula cha bei nafuu chenye ladha kubwa kichwani na kwenye mapezi, ila kinataka subira na meno makini. Kula kwa mkono. Miiba huhisiwa na vidole kabla haijafika kooni, na uma hauhisi chochote.

Mashua

Uliza maswali manne ufukweni, mbele ya mashua yenyewe. Bei ni ya mtu au ya mashua nzima? Ni ya muda gani? Mafuta yamo ndani ya bei? Majaketi ya uokoaji yako mangapi? Swali la nne ndilo lenye uzito. Jaketi livaliwe na kufungwa vifungo vyote ungali nchi kavu. Likiachwa chini ya kiti halisaidii kitu. Hakikisha pia kuna kasia ndani, maana injini ikizima katikati ya magugumaji ni kasia litakalowatoa.

Magugumaji ndiyo yanayoharibu safari nyingi. Yaliingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, na upepo huyahamisha kama zulia kubwa kutoka upande mmoja wa ghuba hadi mwingine. Leo Dunga ni peupe, kesho boti hazitoki. Yakijisokota kwenye rafadha injini huchemka au huzima. Waulize wavuvi waliotoka kuingia, si yule anayetafuta abiria. Wakikuambia njia imefungwa, achana na mashua na utembee kandokando ya kinamasi.

Saa moja majini inatosha. Mwambie nahodha unataka kupita pembeni mwa mafunjo na injini ikiwa chini, si kukimbia katikati ya ghuba ambako hakuna cha kuona ila maji. Kinamasi cha Dunga ni makao ya ndege wasiopatikana penginepo ila kwenye mafunjo. Anayetafutwa zaidi ni gonoleki wa mafunjo: mgongo mweusi, kifua chekundu, utosi wa manjano. Humsikia kabla ya kumwona, kwa hiyo zimeni injini kabisa kwa dakika kumi na mnyamaze. Furukombe, mdiria, mnandi na yangeyange utawaona bila taabu.

Viboko wapo, lakini hawana miadi na mtu. Kiboko akizama hukaa dakika tatu hadi tano kabla ya kuibuka, na anaweza kuibuka mahali usipotarajia. Mashua isipite kati yake na mafunjo, kwani hapo umemfungia njia ya kujificha. Nahodha akisogea karibu mno ili kukufurahisha, mwambie arudi nyuma. Bakshishi usimpe kwa ujasiri wa aina hiyo. Usiogelee wala usitie miguu majini kando ya ziwa: konokono wa maji haya hubeba kichocho. Na ngurumo ya kwanza ikisikika, hata kwa mbali, rudini.

Adhuhuri mjini

Kufikia saa sita jua ni kali na hakuna sifa ya kupambana nalo. Rudi mjini, shuka Makavazi ya Kisumu kwenye barabara ya Nairobi. Yalifunguliwa mwaka 1980, yana miti mingi, na saa moja unusu hapo hupita vizuri. Nenda moja kwa moja Ber-gi-Dala, boma la Kiluo lililojengwa kwa ukubwa wake halisi. Litazame kwa mpangilio wake: nyumba ya mke wa kwanza inaelekeana na lango kuu, za wake wengine zinafuata pande mbili kwa zamu, na simba, yaani kibanda cha mwana wa kiume, iko karibu na lango. Ukishauelewa mpangilio huo, maboma utakayoyaona kupitia dirisha la basi yataanza kusomeka. Nyumba ya nyoka na hodhi za samaki zina uzuri wake pia, hasa hodhi, kwani utawaona wakiwa hai wale uliowaona ufukweni.

Ukibaki na muda, tembea Mtaa wa Oginga Odinga hadi kwenye mnara wa saa wa mwaka 1938. Reli ya Uganda ilifika hapa Desemba 1901, na mji ukaitwa Port Florence kwa muda. Mpango wa mitaa ya katikati bado unashuka kuelekea bandari na kituo cha reli. Kama ni Jumapili, badilisha ratiba uende soko la Kibuye, maana siku hiyo ndiyo yake. Pesa uziweke mfuko wa mbele.

Alasiri: swala, halafu machweo

Saa tisa unusu panda tuktuk hadi hifadhi ya Impala, kilomita tatu hivi kutoka mjini. Usiende adhuhuri, wanyama hulala vivulini. Hifadhi ilitangazwa rasmi mwaka 1992, ni ndogo, theluthi moja hivi ya kilomita ya mraba, na inatembewa kwa miguu. Kuna swala pala, nzohe wa kinamasi, na wanyama wakubwa waliookolewa wanaofugwa vizimbani. Malipo ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori hufanywa kupitia eCitizen, mtandao wa serikali. Pesa taslimu hazipokewi langoni. Fungua akaunti na uweke salio la M-Pesa mapema, na ubebe kitambulisho ili ulipe kiwango cha raia. Chakula kifungiwe ndani ya mkoba. Tumbili wa pale wanajua sauti ya karatasi ya biskuti.

Toka saa kumi na moja, uende Hippo Point, mbele kidogo kwenye njia ile ile ya Dunga. Jua huzama kati ya saa kumi na mbili unusu hivi na karibu saa moja. Fika nusu saa kabla. Giza la ikweta huanguka haraka, kwa hiyo dereva wa tuktuk awe ameshaambiwa saa ya kukufuata. Usitembee kandokando ya maji baada ya jua kuzama. Huo ndio wakati viboko hutoka kula nyasi, na mbu nao huanza kazi. Vaa ile nguo ya mikono mirefu.

Usijaribu kubeba vyote

Kit Mikayi, mwamba mkubwa wa Seme ulio kilomita 29 hivi kwenye barabara ya Bondo, unastahili kuonwa, lakini ukiuongeza juu ya Dunga utakuwa umeshinda ndani ya matatu. Ziwa likifungwa na magugumaji, hapo ndipo uende Kit Mikayi asubuhi badala ya mashua, na uwe umerudi mjini saa saba. Kisiwa cha Ndere kinataka siku yake peke yake.

Rudi ofisini kwa basi saa moja kabla ya kuondoka. Linganisha namba ya basi na iliyo kwenye tiketi, simama uone begi lako likiingia buti, na kibandiko kibaki mfukoni mpaka ushuke.