Kupanga nyumba ya familia Dar es Salaam: kagua mtaa kwanza, vyumba baadaye

Nyumba nyingi za kupanga Dar huonyeshwa saa nne asubuhi, siku ya kazi. Watoto wako shule, baa imefungwa, fundi wa kuchomelea mageti hajapata kazi ya siku, na dalali anakuambia, "Bosi, mtaa umetulia huu." Saa hiyo kila mtaa umetulia. Kasoro za rangi, vitasa na marumaru hurekebishika kwa wiki moja. Jirani mwenye spika hakuna fundi wa kumrekebisha. Kwa hiyo kabla hujahesabu vyumba, nenda mtaani mara tatu bila dalali.

Mara ya kwanza nenda Ijumaa au Jumamosi, saa nne usiku. Simama nje ya geti dakika ishirini na usikilize. Baa iliyo mita mia mbili inaweza kusikika vizuri kuliko iliyo jirani ikiwa upepo unatoka upande wake, na upepo wa Dar hubadilika kwa msimu: kusi huvuma kuanzia Aprili hadi karibu Oktoba, kaskazi Desemba hadi Machi. Ukihamia Julai, baa iliyo kaskazini mwa nyumba itaanza kusikika Januari. Muulize mwenye duka la pembeni kuhusu kumbi za harusi, makanisa yenye mikesha na vigodoro, yaani ngoma za mtaani za usiku kucha. Mwenye duka husema ukweli kuliko dalali, maana hana asilimia yake. Nunua hata soda.

Mara ya pili ni saa kumi na mbili asubuhi. Hapo ndipo utajua kama basi la shule linafika mtaani au watoto wanatembea hadi barabara kubwa, na foleni inaanzia wapi. Mitaa ya Goba, Salasala na Madale ina hewa nzuri na viwanja vipana, lakini njia za kutoka ni chache, na kwenye vumbi la kiangazi au tope la masika bodaboda hupandisha bei. Sinza na Kijitonyama, vilivyopimwa kwenye mradi wa viwanja wa miaka ya 1970, mitaa yake imenyooka na huduma ziko karibu, ila nyumba nyingi za barabara za mbele zimegeuzwa baa na maduka. Tafuta safu ya pili au ya tatu kutoka barabarani. Tabata, Segerea na Kinyerezi zina mitaa mingi ya familia, lakini angalia mabonde.

Mara ya tatu nenda baada ya mvua. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Ukitafuta nyumba Agosti, hutaiona mvua, basi soma ukuta: mstari wa rangi ya udongo unaokwenda sawasawa kuzunguka nyumba ni alama ya maji yalikofika. Rangi mpya iliyopakwa mita moja tu kutoka chini, ndani na nje, inataka maelezo. Vizingiti vya saruji vilivyoongezwa milangoni navyo vinasema kitu. Nyumba zilizo karibu na Msimbazi, Mto Ng'ombe au Mlalakua hata zikiwa nafuu kiasi gani, mwenye watoto azipite.

Sasa ingia ndani.

Anza na maji, kwa sababu ndiyo yanayovunja ndoa kwenye nyumba za kupanga. Familia ya watu watano, kila mtu akitumia lita 80 kwa siku, inahitaji lita 400. Simtanki la lita 1,000 linaisha siku ya tatu mchana. La lita 2,000 linafika siku tano. Uliza maji ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, hutoka siku zipi, kisha linganisha. Fungua bomba la bafuni na la jikoni kwa pamoja, uone kama moja linakufa. Kama ni kisima, onja: Mbezi Beach, Mikocheni na Kigamboni visima vingi vina chumvi, na chumvi hula mabomba, hita ya maji na nguo. Tazama pia kisima kimekaa umbali gani na shimo la choo. Vikiwa karibu, maji hayo si ya kupikia hata yakionekana safi.

Halafu uliza swali ambalo wengi hulisahau: pampu inakula umeme wa nani? Pampu ya nguvu ya farasi moja ikifanya kazi saa moja kila siku hutumia takribani uniti 22 kwa mwezi. Friji la kawaida linaweza kula uniti 30. Hapo umefika 52 kabla ya kuwasha pasi. Na 52 si namba ndogo, maana wateja wa majumbani wa daraja la D1, la watumiaji wadogo wa umeme, hupata uniti kwa shilingi 100 kabla ya kodi hadi uniti 75 kwa mwezi. Zikizidi, uniti moja inapanda hadi shilingi 350, na ukizidisha mara kwa mara unahamishiwa T1, daraja la matumizi ya kawaida, ambako uniti ni shilingi 292 kabla ya kodi. Ukijumlisha kodi na tozo, uniti ya D1 ni kama shilingi 122 na ya T1 kama 356.

Kipimo chake ni rahisi. Mwombe mwenye nyumba au mpangaji anayetoka akuonyeshe ujumbe wa mwisho wa kununua LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Shilingi 10,000 zikileta uniti 28 hivi, mita iko T1. Shilingi 5,000 zikileta uniti 41, iko D1. Zikileta pungufu ya hapo, angalia kama kuna deni linalokatwa kwenye mita; deni hufuata mita, halimfuati aliyelitengeneza. Kuna pia kodi ya jengo inayokatwa kupitia LUKU, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, yaani 18,000 kwa mwaka. Hiyo ni kodi ya mwenye jengo. Mkubaliane ipunguzwe kwenye kodi ya pango, iandikwe. Wengine huona aibu kudai elfu kumi na nane. Mwenye nyumba haoni aibu kukuachia.

Mita ya kuchangia na wapangaji wengine ikwepe kabisa ukiweza. Mwenye feni moja na mwenye kiyoyozi hawajawahi kukubaliana.

Joto nalo lihesabu. Chumba chenye dirisha upande mmoja tu, kikiwa magharibi, chini ya bati na dari ya jipsamu, hakitalalika Januari hadi Machi. Cha watoto kiwe na madirisha kuta mbili, yenye wavu mzima. Grili ziwe na angalau moja inayofunguka kwa ndani, funguo ikae mahali watu wazima wanapopajua. Moto ukitokea, grili zilizochomelewa zote ni mtego. Nje, kanyaga mifuniko ya shimo la choo uone kama inacheza, na tazama mitaro isiyofunikwa na simtanki la ardhini lisilo na kufuli.

Ukiipenda nyumba, usitoe pesa bado. Muulize anayepangisha ni nani hasa: mwenye nyumba, ndugu yake, au msimamizi wa mirathi? Mwenyewe aonyeshe hati, ofa, leseni ya makazi au karatasi za mauziano, pamoja na kitambulisho cha NIDA chenye jina hilohilo. Wa mirathi aonyeshe barua ya usimamizi kutoka mahakamani, la sivyo utalipa kwa kaka, na dada aje mwezi wa pili kudai chake. Kisha nenda ofisi ya serikali ya mtaa, upige hodi, umuulize mwenyekiti au mtendaji nyumba ni ya nani na kama ina kesi. Utapeli unaojirudia ni wa mtu kupanga nyumba mwezi mmoja, kujifanya mwenye nyumba, kuipangisha kwa watu wanne na kutoweka. Jirani wa geti linalotazamana na hilo angekuambia kwa sentensi moja. Angalia pia ukutani kama kuna alama ya X, ya nyumba inayotakiwa kubomolewa kwa kuwa ndani ya hifadhi ya barabara, hata iliyopakwa rangi juu.

Fedha zipange hivi. Kodi ya 400,000 kwa miezi sita ni 2,400,000. Ongeza udalali wa mwezi mmoja, 400,000, na dhamana kama ipo. Bila dhamana hiyo ni 2,800,000, kabla ya kirikuu cha kuhamisha vyombo. Hela ya kuonyeshwa nyumba mkubaliane kabla ya kupanda bajaji, na ilipwe mara moja kwa nyumba zote za siku hiyo. Udalali usiutoe mpaka mkataba usainiwe na funguo ziwe mkononi. Kodi ilipwe benki au kwa namba ya simu inayoleta jina lilelile la mkataba. Ujumbe wowote baadaye unaosema "kodi tuma kwenye namba hii" upigie simu kwanza. Nchi nzima inaujua ujumbe huo, na bado unakamata watu.

Mkataba uandikwe kwa Kiswahili mnachokielewa wote, usainiwe mbele ya serikali ya mtaa au wakili. Ushuru wa stempu ni asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Mkataba usioulipia unaweza kukataliwa mahakamani siku ya ugomvi. Ndani yake kuwe na muda wa notisi, nani anatengeneza nini, nani analipa gari la kunyonya maji machafu, ada ya taka na mchango wa ulinzi, na kodi itapandaje. Kwa familia za kwetu, andika pia kuhusu wageni. Bibi akija kutibiwa miezi mitatu, au mpwa akija kusoma, kusiwe na mwenye nyumba wa kuhesabu vichwa. Matengenezo utakayofanya kwa fedha yako yapate kibali cha maandishi na kiasi cha kukatwa kwenye kodi. "Tutaelewana tu" haijawahi kukatwa kwenye kodi ya mtu.

Siku ya kukabidhiwa, piga video chumba kwa chumba ukitaja tarehe, soma mita ya maji kwa sauti, hesabu taa, soketi na funguo, umtumie mwenye nyumba palepale. Badilisha silinda za vitasa vya milango ya nje jioni hiyohiyo. Kesho yake mpeleke mwenzako na watoto kwa mjumbe na nyumba mbili za kila upande wakajitambulishe, kabla hamjafungua maboksi yote.